NJIA INAPOKATIKA: MAFUNZO YA HUDAYBIYA KWA KIJANA

(Mhadhara uliotolewa na mmoja wa wanachama mbele ya vijana wenzake baada ya futari)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (SWT) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu, hali ya kuwa wako tuliofunga nao mwaka jana na leo wako chini ya mchanga. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Mtume Muhammad (SAW), ali zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu wa kiume na wa kike.

Najua mmeshiba, na mtu akishajaza kaimati na uji wa pilipili manga huwa hataki maneno mengi. Nimepewa dakika ishirini na Tarawehe inatungoja, kwa hivyo sitawachosha. Mada niliyopewa ni hii: Muislamu afanyeje mipango yake inapokatizwa ghafla?

Ndugu zangu, hii si mada ya vitabuni tu. Tazameni safu zetu hapa. Yuko mwenzetu tuliyeanza naye mwaka wa kwanza, leo yuko kwao kwa sababu karo haikutimia. Yuko aliyehesabu kuwa atahitimu mwaka fulani, mgomo wa wahadhiri ukamsukuma mbele, akamaliza ukaja mwingine. Yuko barobaro aliyekwisha kupeleka posa, pesa za mahari zikaenda kwa matibabu ya mamake. Na yuko dada yetu aliyeingia Ramadhani hii na nia ya kukhitimu Qur'ani mara tatu, siku ya tano akalazwa hospitali. Hawa wote wanauliza swali moja, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho tu: kwa nini mimi, na kwa nini sasa?

NENO TUNALOLITUMIA VIBAYA

Kabla sijaingia kwenye kisa, nataka tuzungumze juu ya neno moja, insha'Allah. Katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, Mtume (SAW) anafundishwa asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila ya kulifungamanisha na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Hili ni fundisho la kupanga. Halikusema tusipange. Limesema tunapopanga, tukumbuke kuwa kesho ina mwenyewe.

Sasa sisi tumelifanya nini neno hili? Ukimwalika mtu darsa akakujibu kwa sauti ndefu, "Insha'Allaaah", wewe mwenyewe wajua haji. Tumelifanya ni neno la kukwepea. Na ajabu ni kwamba jambo tunalolitaka kweli kweli hatulisemei insha'Allah. Twasema nitamaliza chuo, nitapata kazi, nitaoa, nitamjengea mama, utadhani tumeshatiliana saini na siku zijazo. Ndiyo maana njia inapokatika tunahisi kama tumedhulumiwa haki yetu. Hatukuwa tumeuweka mpango mikononi mwa mwenye kesho.

WATU 1,400 NA NJIA ILIYOFUNGWA

Haya, sasa twende kwenye kisa. Mwezi wa Dhul-Qaada, mwaka wa 6 Hijria, sawa na mwaka 628 Miladia, Mtume (SAW) alitoka Madina pamoja na masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Alikuwa ameota kwamba wanaingia Msikiti Mtukufu kwa amani, na ndoto za Manabii ni haki. Muhajirina walikuwa na miaka sita hawajauona mji wao wa kuzaliwa. Hebu fikiria hamu waliyokuwa nayo. Wakahirimia, wakachukua ngamia 70 wa kuchinja, na silaha hawakubeba ila panga za msafiri zilizo alani mwake.

Walipofika Hudaybiya, karibu kabisa na Makka, ngamia wa Mtume aitwaye Qaswa akapiga magoti na kukataa kuinuka. Watu wakasema amekuwa mkaidi. Mtume (SAW) akawaeleza kwamba ukaidi si tabia yake, bali amezuiwa na Yule aliyemzuia ndovu asiingie Makka. Zingatia hapo. Watu waliona ngamia mkaidi, yeye akaona mkono wa Mola wake.

Maquraishi wakakataa katakata wasiingie. Sayyidna Uthman (RA) akatumwa Makka kuzungumza nao, akachelewa, habari zikaenea kuwa ameuawa. Hapo ndipo masahaba walipompa Mtume mikono chini ya mti, kiapo kinachojulikana kama Bay'atu Ridhwan. Kisha Suhayl bin Amr akaja kwa upande wa Maquraishi na ukaandikwa mkataba: vita visimame miaka 10, Waislamu warudi mwaka huu bila ya Umra, waje mwaka wa pili wakae siku 3 tu, na mtu wa Makka akikimbilia kwa Muhammad bila ya idhini ya walii wake arudishwe, lakini atakayekimbilia Makka hatarudishwa.

Wino haujakauka, akatokea kijana Abu Jandal akiburuta minyororo, ametoroka kwa watesaji wake. Na babake ni nani? Ni huyo huyo Suhayl aliyekuja kuandika mkataba! Akashikilia mwanawe arudishwe, na akarudishwa. Mtume (SAW) alimwambia asubiri, kwani Mwenyezi Mungu atamjaalia yeye na wanyonge wenzake faraja na pa kutokea. Masahaba wanatazama, machozi yanawatoka.

Basi Sayyidna Umar bin Khattab (RA) akashindwa kunyamaza. Akamwendea Mtume na kumuuliza: si ulituambia tutaifikia Al-Kaaba na kuitufu? Mtume akakiri kuwa alisema, kisha akamuuliza kama alimwambia ni mwaka huu. Umar akajibu la. Akamwambia: basi utaifikia na utaitufu.

Jamani, jawabu hili ndilo ufunguo wa mhadhara wote. Ahadi ilikuwa ya Mwenyezi Mungu, lakini tarehe ilikuwa ya watu. Ahadi haikuvunjika hata kidogo; iliyovunjika ni tarehe. Mara ngapi sisi tunalia kuwa Mwenyezi Mungu hakutujibu, kumbe tarehe tuliiandika sisi wenyewe?

Na tusimwone Umar kuwa alikosa imani kwa kuuliza. Aliuliza kwa aliyestahiki kuulizwa, akajibiwa, akarudi kwenye safu. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alifanya amali nyingi kwa ajili ya maneno yake ya siku ile. Kijana aliye na maswali moyoni asiambiwe "nyamaza, unakufuru". Mpeleke kwa mwenye elimu aulize.

MWANAMKE ALIYEJUA LA KUFANYA

Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (SAW) akawaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe, yaani watoke katika ihramu pale pale. Hakuinuka hata mmoja. Akarudia mara tatu. Kimya. Hawa ndio wale wale waliompa mikono chini ya mti wako tayari kufa! Huzuni iliwashika miguu. Kufa walikuwa tayari, lakini kurudi nyumbani mikono mitupu hawakuwa wamejitayarishia.

Mtume akaingia hemani kwa mkewe Bi Ummu Salama (RA), akamweleza. Bi Ummu Salama akamshauri atoke nje, asimsemeshe mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi amnyoe. Akafanya hivyo. Masahaba walipoona, wakainuka wote, wakachinja, wakawa wananyoana wao kwa wao hata karibu waumizane kwa ghamu iliyowajaa.

Sasa jiulize, mama huyu aliitoa wapi busara hii? Wanahistoria wa Sira wanaeleza kwamba yeye na mumewe Abu Salama walipotoka kuhamia Madina na mtoto wao mchanga, jamaa zake wakamzuia yeye, na jamaa wa mumewe wakamnyang'anya mtoto. Mume akaenda zake Madina, mtoto huku, mama kule. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akitoka kila siku kwenda kukaa na kulia, mpaka walipomhurumia, wakamrudishia mwanawe, naye akaifunga safari ya Madina. Kisha mumewe, waliyependana sana, akafariki kwa jeraha la vita vya Uhud. Mtume alikuwa amewafundisha dua ya mwenye kufikwa na msiba, kuomba alipwe na apewe badala iliyo bora. Yeye akawa anajiuliza ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama. Hata hivyo akaisoma dua. Baadaye akaposwa na Mtume mwenyewe.

Basi mtu kama huyu alipoona watu 1,400 wamekwama, alijua dawa. Alikuwa ameshakwama mara nyingi maishani. Alijua kuwa mwenye huzuni kubwa hahitaji hotuba. Anahitaji kuona jambo moja la karibu linalofanyika: chinja, nyoa, inuka. Na tukumbuke hakuwapa wale masahaba ushauri wa kutohuzunika. Walinyoana huku wana ghamu. Kutii na kuhuzunika vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

RADHI ZILIWAFIKIA NJIANI

Wako njiani kurudi Madina, ikateremka Suratul Fat-h. Mwenyezi Mungu akaliita jambo lile ushindi ulio wazi! Na matokeo yake yalionekana. Mwaka wa 7 waliingia Makka wakafanya Umra yao. Katika amani ile watu walichanganyika na kuzungumza, wakasilimu wengi, akiwemo Khalid bin Walid na Amr bin Al-As. Lile sharti lililomrudisha Abu Jandal, Maquraishi wenyewe walikuja wakaomba liondolewe. Na Ramadhani ya mwaka wa 8, mwezi kama huu tulionao, Mtume aliingia Makka na watu 10,000. Kutoka 1,400 hadi 10,000 kwa miaka isiyofika miwili.

Wengi wetu kisa twakiishilizia hapo: subiri tu, utapata zaidi. Ni kweli, lakini haijatimia. Tuchukue mfano wa Abdullah bin Rawaha (RA). Katika Umra ya mwaka wa 7 alikuwa mbele ya Mtume, ameshika hatamu za ngamia wake kuingia Makka. Mwaka wa 8, miezi michache kabla ya Makka kufunguliwa, akauawa shahidi katika vita vya Mu'ta. Ule ushindi mkubwa hakuuona kwa macho yake. Je, tuseme amekosa?

La hasha. Someni aya ya 18 ya sura hiyo hiyo ya Al-Fat-h. Mwenyezi Mungu anatangaza kuwa amekwisha kuwa radhi na waumini walipompa Mtume mikono chini ya mti. Chini ya mti, ndugu zangu! Si ndani ya Makka, wala si mbele ya Al-Kaaba. Radhi walizotoka Madina kuzitafuta kwenye Nyumba ziliwafikia jangwani, mahali ambapo hawakupanga hata kulala usiku mmoja. Hapa ndipo penye siri. Pale ulipozuiwa si chumba cha kungojea maisha yaanze. Pale pana Mola yule yule.

HUDAYBIYA YA RIKA LETU

Na sisi rika letu tuna Hudaybiya yetu. Machi 13, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya. Siku mbili baadaye ikaamrishwa shule zifungwe. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili na misikiti imefungwa. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zikazingirwa, asiingie mtu wala asitoke. Sisi tuliokuwa kidato cha nne, mtihani wa KCSE tulioutarajia Novemba 2020 tuliufanya Machi na Aprili 2021, karatasi za mwisho tukiziandika tumefunga.

Na wazee wetu je? Wako waliodunduiza miaka na miaka kwa ajili ya Hija. Juni 2020 Saudi Arabia ikatangaza kuwa Hija ya mwaka ule itakuwa ya watu wachache walio ndani ya nchi hiyo tu. Lakini ndani ya kufungiwa kule, baba ambao maisha yao yote walikuwa maamuma wakawa maimamu sebuleni kwao. Akina mama wakasali Tarawehe nyuma ya watoto wao wa kiume, wasomaji wa Juzuu Amma. Elimu ya madrasa, ile tuliyoiona ya utotoni, ikawa ndiyo iliyosimamisha sala nyumbani.

Mimi mwenyewe, nilipopata barua ya kuitwa chuo kikuu, marehemu baba alipata kiharusi. Nikabaki nyumbani mwaka mzima. Mchana nikimgeuza kitandani, baada ya Alasiri nikifundisha watoto alifu na be, jioni nikiuza viazi karai kibarazani. Sitawadanganya niseme mwaka ule ulikuwa mtamu. Wenzangu walikuwa wakinitumia picha za chuo, na nikiziangalia moyo ulikuwa ukiuma. Lakini leo baba hayupo, na katika miaka yote niliyosoma, ule wa kitandani kwake ndio mwaka nisioweza kuununua kwa shahada yoyote. Chuo kilinisubiri. Baba hangeweza kunisubiri.

MAMBO MANNE YA KUSHIKA

La kwanza, chunga ulimi na neno lau. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (SAW) anatufundisha tufanye bidii kwa yenye manufaa, tumtake Mwenyezi Mungu msaada, na likitufika jambo tusiseme lau ningalifanya hivi, kwa sababu neno hilo hufungua kazi ya shetani. Waswahili neno lenyewe tumelichukua vivyo hivyo kutoka Kiarabu, na kazi yake tumeijua: lau ningalijua huja baada.

La pili, fanya ibada ya pale ulipo. Aliyezuiwa Hija amewekewa hukumu yake katika Suratul Baqara aya ya 196. Mgonjwa na msafiri wamewekewa hukumu yao aya ya 185, watalipa siku nyingine. Dada zetu zinapowajia siku zao, kutofunga kwao ndiko kutii. Mwenye kisukari aliyekatazwa na daktari, kula kwake mchana ni kutii. Dini hii haikumwacha aliyekatiziwa bila ya la kufanya. Uliza tu: amri ya saa hii ni ipi?

La tatu, usidhani thawabu zimekatika. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Musa Al-Ash'ari (RA) kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na mkazi. Na Mtume (SAW) aliporudi kutoka Tabuk, aliwaambia masahaba kuwa wako watu waliobaki Madina, lakini kila bonde walilolivuka walikuwa pamoja nao. Udhuru ndio uliowazuia. Yaani nia ya kweli husafiri hata mwenyewe akibaki.

La nne, na hili ni letu sote: kadari isiwe pazia la kufichia uzembe wetu. Mwenzetu akikosa karo, kumpiga bega na kumwambia "ndivyo Mungu alivyopanga" kisha ukaenda zako, hiyo si imani. Kadari tunaiamini kwa yaliyokwisha kutufika. Kwa yaliyo mbele yetu, tumeamrishwa kufanya sababu. Na palipo na dhuluma, aliyedhulumiwa ana haki ya kudai haki yake, na kudai hakuvunji subira. Bi Ummu Salama hakumwambia Mtume "ni kadari" akanyamaza. Alitoa rai iliyowainua watu.

Basi nawaomba, kabla ya kukimiwa Isha, kila mmoja amkumbuke mwenzake mmoja aliyekuwa katika safu hizi na leo hayupo kwa sababu njia yake ilikatika. Mpigie simu usiku huu huu. Usimhutubie. Muulize amefuturu nini, muulize amepungukiwa na nini, na ukiwa nacho mpelekee, usipokuwa nacho tuambie sisi jumuiya tukichangishane. Huenda simu hiyo ikawa ndiyo kule kunyoa kwa Hudaybiya kunakomwinua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SWT) atutakabalie saumu zetu na visimamo vyetu, awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, awafungulie njia wote waliokwama, na atujaalie kuziona radhi zake hata tukiwa bado tuko njiani. Amin.

Wallahu a'lam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.